Miaka Yangu Katika Chumba cha Viini

Siku ya kwanza kuingia kazini nilivaa viatu vya kanisani. Hakuna aliyekuwa ameniambia kiwanda cha kusubu chuma kikoje, nami sikujua kuuliza. Nilikuwa nimetoka kusafisha vyumba vya hoteli karibu na uwanja wa ndege wa Dallas, kazi ya mashuka na mazulia, nikadhani kila kazi ya Marekani ina sakafu inayong'aa. Baba Riziki, Mkongo tuliyesali naye parokia moja kule Garland, ndiye aliyenipeleka kwa gari lake alfajiri ile, tukavuka mto Trinity hadi kwenye mtaa wa mabohari, reli na moshi. Yeye alikuwa mtu wa tanuri. Tuliposhuka akanitazama miguuni, akacheka mpaka akaegemea mlango wa gari.

"Mama Jeanine, na hivi viatu utafika midi, saa sita, kweli? Ule mama wa pale ndani atakurudisha nyumba."

Hakunirudisha. Huyo mama alikuwa Msimamizi wa Chumba cha Viini, Mmarekani mweusi aliyekaribia miaka sitini, mrefu, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Sote tulimwita Miss Loretta, maana kwa watu wa Texas mwanamke wa heshima huitwa hivyo hata akiwa na wajukuu. Aliviangalia viatu vyangu, akaingia stoo, akatoka na buti za mtu aliyestaafu, akanipa na vitambaa vya kujazia mbele. Kisha akaniuliza jina. Nikamwambia Consolata. Kule hotelini walikuwa wamelikata likabaki Connie. Yeye alilitamka mara tatu, silabi kwa silabi, hadi likakaa sawa mdomoni.

"Jina alilokupa mama yako nitalisema lote," akasema. "Na wewe, kazi nitakayokupa utaifanya yote."

Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha taulo na sabuni, lakini hayo niliyaelewa.

Ninyi vijana mnaofanya kazi kwenye maghala, mnaoskani maboksi kutwa nzima, huenda hamjawahi kuona chuma kikimiminwa. Kusubu ni kuyeyusha chuma kwenye tanuri mpaka kitiririke kama uji, kisha kukimimina ndani ya kalibu, yaani umbo lililochimbwa kwenye mchanga. Kikipoa, unavunja mchanga unatoa kitu chako. Sisi tulitengeneza miili ya valvu na pampu za maji ya mijini. Sasa valvu ina uwazi ndani, maji yapite, na uwazi huo huupati kwa kumimina tu. Lazima kwanza uweke ndani ya kalibu kitu chenye sura ya uwazi wenyewe, chuma kikizunguke. Hicho ndicho kiini. Hutengenezwa kwa mchanga safi uliochanganywa na gundi, ukashindiliwa ndani ya kisanduku cha nusu mbili, ukaokwa jokoni hadi ukawa mgumu kama biskuti. Chuma kikishapoa, kiini huvunjwavunjwa na kumwagwa. Kwa hiyo kazi ya mikono yangu haipo popote. Kilichobaki ni nafasi iliyoiacha, na maji yanapita humo hadi leo.

Mwaka wa kwanza niliwekwa kwenye kuchanganya mchanga. Wa pili nikapelekwa jokoni, kupanga viini kwenye rafu na kuvitoa. Wa tatu nikapewa sindano. Sindano ni waya mrefu wa kutobolea njia za hewa ndani ya kiini kabla hakijaokwa, maana gundi ikiguswa na chuma cha moto hutoa gesi, na gesi hiyo lazima itoke. Ni kazi ya kuchosha macho kuliko mikono. Wanawake ndio waliopewa chumba kile tangu zamani. Walisema tuna vidole vyepesi. Tulikuwa sita, na dirisha letu refu lilitazama reli.

Siku moja nilisahau kutoboa kiini kimoja. Kimoja tu. Nilikuwa nawaza habari za mume wangu, Deo, ambaye sukari ilikuwa imemwangusha kazini wiki ile. Kiini kikaenda, kikawekwa ndani ya kalibu, na Baba Riziki akamimina. Chuma kilichemka, kikaruka. Tone moja lilipita juu ya glavu yake likamchoma kifundo cha mkono. Tulisikia kelele hadi upande wetu.

Miss Loretta alinishika mkono akanipeleka kumwona, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono ndani ya maji.

"Mtazame," akaniambia. "Usinitazame mimi. Yeye ndiye huwa upande wa pili wa sindano yako."

Baba Riziki, pamoja na maumivu yote, akaniambia kwa Kiswahili chake: "Haina shida, Mama Jeanine. Itapona. Usilie mbele ya hawa batu."

Meneja wa Kiwanda alishuka kutoka ofisini mchana huo, pamoja na Mkaguzi wa Ubora aliyeshika kipande cha ile valvu iliyojaa mashimo. Meneja akauliza kiini kile alikitengeneza nani. Kwenye sindano nilikuwa bado kwa majaribio. Neno moja lingetosha kunirudisha hotelini. Miss Loretta akavua miwani. "Kimepita mikononi mwangu," akasema. "Kila kinachotoka chumba hiki kimepita mikononi mwangu. Andika jina langu." Wakaandika. Hakulitaja tena jambo hilo, kwangu wala kwa mtu mwingine.

Baada ya hapo nilijifunza kwa bidii ya mtu mwenye deni la shukrani. Nikafika kwenye visanduku vikubwa, vile vya pampu, ambavyo viini vyake huunganishwa vipande vinne na havitakiwi kupishana hata unene wa karatasi. Mchana tulikula pamoja, mimi na Miss Loretta, kwenye benchi chini ya dirisha. Yeye alinifundisha kula mboga za majani wanazopika kwao na nyama ya moshi. Mimi nilimpa maharage na ndizi, akayaomba tena. Alinisimulia habari za mama yake aliyelima pamba mashariki ya Texas. Nami nilimsimulia kambi za Kigoma, tulikokaa miaka mingi baada ya kukimbia Burundi. Alisikiliza bila kunihurumia, jambo ambalo ni adimu.

Nje, mtaa ulikuwa unabadilika. Kwanza walikuja wachoraji, wakapanga bohari la matairi. Ikafuata duka la mikate, halafu watu wenye mbwa wadogo waliovalishwa makoti. Baba Riziki alisimama mlangoni wakati wa mapumziko akiwatazama.

"Angaliya, Mama Jeanine. Batu banakuya kukunywa kahawa pembeni ya moshi yetu. Siku moja batasema moshi ndiyo inabasumbula."

Na kweli barua za malalamiko zilianza kuja. Kiwanda cha rangi kikafungwa, kile cha magunia kikafuata. Mwishoni tukabaki sisi peke yetu.

Miaka hiyohiyo ya mwisho mikono ya Miss Loretta ilianza kutetemeka. Asubuhi kidogo, mchana zaidi. Hatukulizungumza. Niliona tu siku moja kwamba vipande vyake vya pampu havikai sawa, nikavichukua nikavipangusa, nikavirekebisha, nikavirudisha kwenye rafu yake. Kesho yake nikafanya hivyohivyo. Yeye aliona. Alianza kunisogezea vile vigumu bila neno, nami nikamsogezea vyepesi. Tulikwenda hivyo karibu miaka miwili, na hakuna kiini kibaya kilichotoka chumbani mwetu.

Mwaka 2017, masika, Meneja wa Kiwanda alitukusanya karibu na tanuri lililozimwa. Alisema ardhi imeuzwa. Kazi inahamia kiwanda kingine cha wenye mali walewale, kule Houston, na kila idara itatoa watu wachache. Chumba cha viini kitatoa mtu mmoja.

Miss Loretta alitueleza mchana ule, tukiwa tumekaa sote sita. "Nitaomba kwenda mimi," akasema. "Binti yangu yuko Alief, Houston kulekule, na wajukuu wangu watatu. Nataka nikae karibu naye nikiwa na kazi yangu, nisiwe mzigo nyumbani kwake."

Hakuna aliyepinga. Mimi pia niliitikia kwa kichwa. Lakini nyumbani Deo alikuwa ameacha kufanya kazi ya ghala, miguu haikumruhusu tena kusimama. Insulini yake na daktari wake vyote vilitegemea bima ya kazi yangu. Jeanine, binti yetu mkubwa, alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa hospitali, wadogo zake wakisoma. Nilipiga hesabu za maisha yetu kila upande, nikaona giza.

Siku tatu baadaye Meneja aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa adabu, alinivutia kiti.

"Consolata, nimesikia mikono ya Loretta haiko sawa. Wewe unakaa naye. Ni kweli?"

Nilisikia mashine ya kupasulia mchanga ikizunguka kule chini.

"Sitaki kumdhalilisha," akasema. "Nataka kujua tu. Anaweza bado kutengeneza viini vya pampu?"

Ningeweza kusema, muulize mwenyewe. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Hapana. Tangu mwaka juzi navitengeneza mimi."

Nilisema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa na faida kwangu. Nimelitafakari jambo hilo miaka yote hii na sijapata namna nyingine ya kulieleza.

Jina langu ndilo lililobandikwa ubaoni. Siku ya mwisho Miss Loretta alizunguka chumbani akimpa kila mmoja mkono. Alipofika kwangu aliushika wangu kama wa wengine, si zaidi, si pungufu. "Uwe na safari njema, Consolata," akasema. Jina zima.

Tulifika Houston, mimi na Deo, wadogo wakibaki na Jeanine, majuma machache baada ya ile tufani kubwa ya mwaka huo na mafuriko yake. Kando ya barabara yalirundikwa mazulia yaliyooza, magodoro, mapiano, mpaka juu ya kimo cha mtu. Tulipanga Gulfton, kwenye majengo ya ghorofa yaliyosongamana, wakimbizi kutoka kila pembe ya dunia. Jirani yetu mlango kwa mlango alikuwa mama wa Kikongo aliyetuletea sombe, yaani kisamvu, siku ya kwanza. Kwa majirani sikupungukiwa.

Kazini ndiko nilikopungukiwa. Kiwanda kile kilikuwa kipya, cheupe, na viini vilitengenezwa na mashine. Mchanga ulipulizwa ndani ya kisanduku, gesi ikapita, na kiini kikatoka baada ya muda wa kuhesabu hadi thelathini, kigumu, kimeshatobolewa. Cheo changu kiliandikwa Mwendesha Mashine. Nilibonyeza kitufe cha kijani, nikatazama taa. Msimamizi wa Zamu, mhandisi kijana, alikuwa mpole kwangu.

"Mama, wewe pumzika tu. Ikileta shida utaniita."

Haikuleta shida. Nilikaa miaka miwili nikisubiri shida. Mikono yangu ilizoea kushindilia, nayo haikupewa cha kushindilia; nyumbani nilikanda unga hadi Deo akauliza chapati zote hizo ni za wageni gani. Nilitamani harufu ya joko letu, ile ya sukari iliyoungua. Nilitamani benchi. Zaidi ya yote nilitamani mtu wa kunionyesha makosa. Alief haiko mbali na Gulfton, na kila nilipopita kwenda duka la vyakula vya kwetu nilijikuta naangalia wanawake walio na watoto, nikiwaza yupi ni binti yake. Nilikuwa nakaa kwenye mji alioutaka Miss Loretta, na yeye yuko Dallas peke yake.

Mwaka 2019 Deo alitimiza umri wa kupata bima ya wazee ya serikali. Nikaandika barua ya kuacha kazi wiki hiyohiyo. Tukarudi Garland, kwa Jeanine.

Nilikaa miezi miwili bila kumpigia simu Miss Loretta. Yeye ndiye aliyenipigia.

"Nimesikia kutoka kwa yule Baba Riziki wenu kwamba umerudi," akasema. "Wamefungua kile kiwanda. Sijui wamekifanya nini. Njoo twende tukaone kabla miguu yangu haijakataa."

Ilikuwa Januari ya 2020, siku ya jua na upepo wa baridi. Jeanine alinikataza kuendesha mwenyewe. "Nita-drive mimi, Mama. You'll get lost, kule kumebadilika." Tulimchukua Miss Loretta nyumbani kwake. Alikuwa amekonda, amevaa kofia ya kanisani na glavu za sufu. Jeanine akatushusha, akaenda kutafuta maegesho, tukabaki wawili.

Nilipotea kweli, nikiwa nimesimama palepale nilipoingilia miaka tisa. Reli zilikuwa zimefukiwa, juu yake wamepanda nyasi ndefu kwa mistari. Bohari la matairi lilikuwa nyumba za kupanga zenye vibaraza vya kioo. Bomba la moshi la tanuri walikuwa wameliacha, wamelisafisha, wamelizungushia taa ndogondogo. Hewa haikuwa na harufu yoyote. Miss Loretta alinishika kiwiko akaniongoza: hapa lango, hapa mizani ya malori, hapa Baba Riziki alipokuwa akiegesha gari lake. Mahali pa tanuri palikuwa na meza na vijana waliokunywa bia wakicheka. Ukutani walitundika picha kubwa ya zamani ya wasubu chuma, wamejipanga, nyuso nyeusi kwa masizi. Chini yake yameandikwa maneno. Miss Loretta akasogeza miwani akayasoma kwa sauti.

"Wanaume waliomimina chuma cha mji huu." Akashusha miwani. "Haya. Na uwazi wa valvu waliupata wapi?"

Tulicheka sote wawili, tukashikana, hadi vijana wakageuka kututazama.

Chumba chetu kilikuwa mwisho wa ukumbi. Ukuta wa kati ulikuwa umebomolewa ukawekwa kioo. Ndani, wanawake kama ishirini walilala chali kwenye mikeka, macho wamefumba, wakifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Dirisha refu lilikuwa lilelile. Walikuwa wamelala mahali lilipokuwa joko.

Tulisimama nje ya kile kioo. Nikasema, bila kumtazama: "Miss Loretta, Meneja aliniuliza habari za mikono yako. Mimi ndiye niliyemwambia."

Mle ndani mwalimu aliinua mkono, na wale wanawake wote wakageukia ubavu wa kulia kwa pamoja.

"Deo alikuwa mgonjwa," nikasema. "Bima ilikuwa..."

"Najua Deo alikuwa mgonjwa." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Najua na kuhusu ofisini. Meneja aliniambia siku ileile, alidhani ananifariji. Nimekuwa nikingoja uniambie mwenyewe. Miaka mitatu, Consolata."

"Nisamehe."

Alivua glavu moja, akaweka kiganja kwenye kioo. Kilitetemeka, na kioo kikatoa mlio mdogo.

"Nimejiuliza kama ningekuwa wewe ningefanya nini," akasema. "Nimejiuliza kwa haki. Na mimi nisingesema."

Lilikuwa jambo la kweli, na alinipa kama alivyokuwa akinipa kisanduku kigumu, bila kunionea huruma. Binti wa mapokezi akatoka akatabasamu, akatuuliza kama tungependa kujiandikisha kwa darasa lijalo.

"Ahsante, mwanangu," Miss Loretta akamwambia. "Zamu yetu ya humu tulishaimaliza."

Tukarudi polepole. Penye ngazi za nje alisita, akanyoosha mkono, nikampa wangu, akaushika hadi chini. Tukapanda garini, tukafika kwake. Akafungua mlango, akaweka mguu mmoja chini. "Njoo Alhamisi," akasema. "Leta yale maharage."

Nilikwenda Alhamisi saba. Kisha ugonjwa ukaingia, milango ikafungwa, na wazee tukaambiwa tusitoke. Tukawa tunazungumza kwa simu, mara nyingi habari za kupika. Lile jambo hatukulirudia.

Watu huniuliza kama nasikitika kiwanda kimekuwa mikahawa. Nasikitika, lakini moshi ule sikuupenda, na Baba Riziki anakohoa mpaka leo. Ninachokitamani ni kuingia tena mlango ule asubuhi nikiwa mtu ambaye bado hajaitwa ofisini. Ninyi mlio kazini mtaitwa. Mtavutiwa kiti, mtaulizwa kwa adabu kuhusu mwenzenu, na huenda nyumbani mna mgonjwa. Siwezi kuwaambia mjibu nini. Nawaambia tu kwamba jibu hilo mtaishi nalo muda mrefu kuliko mshahara.

Mwezi wa sita, joto likiwa limeshapanda, nilimwomba Jeanine anipeleke. Niliweka kiti changu kwenye majani mbele ya nyumba ya Miss Loretta, naye akakaa kibarazani, sote tumeziba midomo na pua, tukipaziana sauti. Jirani yake, mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia maua, akasogea kwenye uzio. Hakuwahi kuniona. Akauliza mgeni ni nani.

Miss Loretta alishusha barakoa ili asikike vizuri.

"Huyu ni Consolata," akasema. "Mwenzangu wa kazi."